Niliuosha Mtungi wa Ukoo

Msomaji mmoja wa Kahama ameniandikia kwamba mwanamke mwenye adabu hatangazi mambo ya wakwe zake gazetini. Jibu langu ni fupi. Mambo hayo yalinipata mimi, na karibu yote yalitokea mbele ya watu. Asiyependa kuyasoma ana ruhusa ya kufungua ukurasa wa bei za pamba.

Kwa wanaoanza leo: mimi ni Serafina, niliyelelewa na masista wa Ushirombo na kusomeshwa ualimu. Mume wangu, Athanas, alikuwa karani wa stoo katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Alikufa kwa homa mwaka 1951. Tulimzika kwao, karibu na Kharumwa, na udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka shemeji yangu Pantaleo alipotangaza kwamba atanirithi mimi pamoja na binti yangu mdogo, Justina.

Nilikataa. Jinsi nilivyokataa, na kiti kilichovunjika siku hiyo, nimekwisha kueleza.

Aliyetoa njia ni mzee Telesphori, mkubwa wa ukoo ule. Alisema kwao mjane anayetaka kuondoka hupika pombe ya kuanua matanga kwa mkono wake mwenyewe, peke yake. Pombe ikiumuka na watu wakainywa, basi marehemu amemruhusu, na anaondoka na mtoto wake. Ikikataa kuumuka, au mkono wa pili ukiigusa, mjane anabaki na kurithiwa. Akitoroka, mtoto ni wa ukoo.

Sikuamini kwamba marehemu huumua pombe. Niliamini kwamba mzee Telesphori hutimiza neno lake, na hilo lilinitosha.

Ila sikuwa nimepika pombe hata mara moja maishani. Masista hawakufundisha somo hilo.

Nilimfuata Pantaleo. Alikuwa ameketi mbele ya ghala akichonga mpini wa jembe.

"Shemeji, naomba ulezi wa kuotesha kimea."

"Ulezi upi?"

"Huo ulio nyuma yako."

"Huu ni wa ukoo," alisema bila kuinua macho. "Wewe si unataka kutoka kwenye ukoo? Basi kapike pombe ya vitabu."

Wifi yangu Mektilda alikuwa akipepeta karibu yetu. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Kaka, mwache achemshe rozari! Labda itatoa povu!"

"Asante, shemeji," nilisema. "Nimekuomba ukaninyima, na shahidi yupo."

"Shahidi gani?"

"Wifi yangu huyu."

Mektilda aliokota ungo wake akaacha kucheka.

Walidhani wamenimaliza. Hawakujua kilichokuwa chini ya kitanda changu.

Mwaka mmoja kabla, Mzungu mmoja fundi wa mitambo aliyekuwa anarudi kwao alimwachia Athanas sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na makopo ya shira nzito nyeusi iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri, mfuko wa maua makavu yenye harufu kali, pakiti ya hamira, mpira mrefu wa kunyonya bia kutoka chombo kimoja hadi kingine, na kipimo cha kioo kinachoelea chenye alama ubavuni. Juu ya vyote palikuwa na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Lilikuwa sanduku la mtu asiyejua kupika bia lakini anataka kupika bia nyumbani. Yaani lilikuwa langu.

Nilijitwisha nikaenda nalo kwa mzee Telesphori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu." Mayu ni mama, ndivyo wazee wa kule wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu, au wanayetaka kumtuliza. "Umebeba jeneza la nani?"

"Nimebeba pombe."

"Mbona haimwagiki?"

"Haijapikwa."

Alicheka, akaniambia nifungue. Alichovya kidole kwenye shira akalamba, akachovya tena. Mara ya tatu Pantaleo akaingia, kwa maana Mektilda alikuwa amekwisha kukimbia kumpasha habari.

"Mzee, hiyo ni bia ya Kizungu! Serikali hairuhusu mtu mweusi kuuziwa bia bila kibali. Tutafungwa sote!"

"Nani ameuziwa?" niliuliza. "Mimi siuzi. Na wewe shemeji hununui, maana hutaki hata niipike."

"Unaona anavyonijibu, mzee?"

"Naona," alisema mzee Telesphori, akijifuta kidole kwenye msuli wake. "Desturi inasema mjane apike kwa mkono wake. Haikusema apike ulezi. Haikusema mtama. Babu yangu mwenyewe alipikiwa pombe ya asali. Lakini, mayu, chombo ni mtungi wa ukoo. Hilo sitalibadilisha."

"Nimekubali."

Nilikubali upesi kwa sababu mtungi kwangu ulikuwa chombo tu.

Mtungi ulitunzwa na mama mkwe wangu, Mama Eufrasia. Tangu mazishi alikuwa hasemi nami ila kwa lazima. Sikujua kama ananichukia au anaomboleza. Kwa mtu aliyenyamaza ni vigumu kutofautisha. Alinikabidhi mtungi kwa mikono miwili.

"Ushike vizuri," alisema. "Huu unajua kazi."

Kisha akarudi ndani.

Nilipewa kibanda kilicho nyuma ya nyumba, nami peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kuingia. Nikakaa na karatasi yangu. Agizo la kwanza lilikuwa limepigwa mstari: kila chombo kioshwe kwa maji yanayochemka, la sivyo bia itaharibika.

Nikatazama ndani ya mtungi. Ukuta wote ulikuwa na ukoko mnene, mweusi, mgumu kama gamba la mti, wenye harufu ya uchachu wa miaka mingi. Nikatoa mtungi uani. Nikausugua kwa mchanga, kwa jivu, kwa gunzi la mahindi, na kwa maji ya moto, mpaka udongo wake mwekundu ukaonekana.

"Mayu wee!" Ilikuwa sauti ya Mektilda. "Njooni muone! Ameuosha! Ameuosha mtungi!"

Watu walikuja mbio kama walioitiwa nyoka. Mama Eufrasia aliwapita wote. Alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya mtungi, akaupapasa ukuta taratibu, akautoa.

"Mama mkwe wangu alinipa mtungi huu na ukoko wake," alisema. "Yeye hakuuosha. Mimi sikuuosha."

"Maelekezo yanasema uoshwe, Mama."

"Aliyeyaandika aliuona mtungi wangu?"

"Hapana."

Alisimama akaondoka. Pantaleo alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Wapo watakaosema hapa ndipo ningepaswa kuomba radhi. Sikuomba, wala leo siombi. Kama ulikuwapo mwiko wa kutouosha mtungi, watu wote wa mji ule waliujua, na hakuna hata mmoja aliyefumbua mdomo kunionya. Walinipa chombo, wakangoja nikosee.

Nilipika kama karatasi ilivyosema. Nilichemsha maua, nikayachuja, nikayeyusha shira, nikaipoza, nikaimimina mtungini. Nilitumbukiza kipimo cha kioo. Kikaelea juu, kwenye alama ile ile iliyoandikwa. Mpaka hapo mimi na karatasi tulikuwa pamoja.

Kisha nikafungua pakiti ya hamira. Ilikuwa imeganda kama jiwe la kunolea visu. Joto la stoo za mgodini lilikuwa limeiua zamani. Niliivunjavunja nikaitia hivyo hivyo, kwa kuwa sikuwa na nyingine.

Kesho yake mtungi ulikuwa kimya. Hakuna povu, hakuna sauti, na kipimo kilielea pale pale. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Bila hamira hai nilikuwa na maji matamu tu, na hamira yoyote iliyokuwa hai ndani ya ukoko ule nilikuwa nimeisugua kwa mchanga.

Jioni ile Pantaleo alikuja na kitanda. Alikibeba kichwani mbele ya watu, akakitua barazani kwangu.

"Nimeona nikilete mapema," alisema. "Mambo yakikwisha nisihangaike."

"Mvua inakuja, shemeji. Kitalowa."

"Utakiingiza ndani."

"Sitakiingiza."

"Pombe yako imelala, Mama Justina. Kaka yangu anakuambia ubaki."

"Kaka yako angekuwa na la kuniambia, angeniambia mwenyewe. Alikuwa na mdomo."

Mvua ilinyesha, na kitanda kililowa. Kamba zake zililegea zote, na watoto wakakigeuza bembea. Hiyo ndiyo furaha pekee niliyoipata juma lile.

Jumapili nilikwenda kusali kigangoni. Ilikuwa safari ndefu kwa miguu, na karibu mji mzima ulikwenda. Sikuomba muujiza. Nilitumia wakati wa mahubiri kufikiri kama ningeweza kumtorosha Justina mpaka Ushirombo, na kila hesabu ilinirudisha pale pale: wangetufuata, na kwa maneno ya mzee, mtoto angekuwa wao.

Niliporudi nilisikia kitu kabla sijafungua kibanda. Kilikuwa kama mlio wa mafuta kwenye kikaango.

Mtungi ulikuwa unachemka bila moto. Povu lilikuwa limepanda mpaka mdomoni na kushuka ubavuni. Niliingiza kipimo, kikazama hatua nzima chini ya alama ya jana. Kioo hakina ndugu wala shemeji. Sukari ilikuwa inageuka pombe.

Nilicheka peke yangu mle ndani, kwa sauti, mpaka Mektilda akaja kusimama nje ya mlango.

"Wifi, kuna nini?"

"Kaa nje, wifi. Kanuni ni kanuni. Ila sikiliza."

Alitega sikio. Nikasikia nyayo zake zikikimbia.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipotoa povu la juu kwa kichujio. Kwenye kitambaa palibaki unga wa kahawia wenye chembe. Niliusugua kati ya vidole, nikaunusa.

Kimea cha ulezi.

Katika sanduku langu hamkuwa na ulezi. Shira haina chembe. Maua niliyachuja mwenyewe. Basi mtu aliingia kibandani tulipokuwa kigangoni, akatia kimea ndani ya pombe yangu, akaifufua.

Mkono wa pili.

Niliketi chini nikapima jambo hilo kama nilivyopima shira. Kama mtu huyo alitaka kunisaidia, angenyamaza. Kama alitaka kunitega, angengoja mzee anilishe kiapo, niape kwamba mkono ni wangu peke yangu, ndipo ainuke aseme. Hapo ningempoteza mtoto, na juu ya hayo kuwa mwongo. Nisingeweza kujua ni yupi kati ya hao wawili. Kwa hiyo neno moja tu lilikuwa salama mdomoni mwangu: lile nililoliona kwa macho.

Sisemi hivyo ili nionekane mwema. Ningekuwa na uhakika kwamba hakuna ajuaye, huenda ningeapa.

Siku ya matanga ilipofika, uani palijaa watu. Mzee Telesphori alikuwa kwenye kigoda, Mama Eufrasia ameketi chini na wanawake, Mektilda amempakata Justina kama mtu anayejaribu nguo kabla ya kununua. Pantaleo alikataa kuketi. Alisimama karibu na ghala, mikono kifuani.

Nililetewa watu wawili wa kubeba mtungi kutoka kibandani, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa imekwisha. Kifuniko kilipotolewa, harufu ilisambaa, na wazee wakaanza kusogeza vigoda.

"Inanukia," alisema mmoja.

"Mbona nyeusi?"

"Hata mkaa ni mweusi na unapika!"

Mzee Telesphori alinyamazisha watu kwa fimbo. "Mayu, anza wewe."

Nilichota kata, nikajaza. Ilikuwa chungu kuliko nilivyotazamia. Karatasi ilisema maua yatatia uchungu, nikaona yametia kwelikweli. Niliinywa yote bila kupumua, nikaigeuza kata juu chini waone.

Wanawake walipiga vigelegele. Hata mimi niliona nimekaribia kushinda.

"Sasa sema mbele ya ukoo," mzee aliendelea. "Pombe hii ni ya mkono wako peke yako?"

"Hapana."

Vigelegele vilikatika.

"Sikukusikia vizuri, mayu."

"Nimesema hapana, mzee. Maji, shira na maua ni kazi yangu. Lakini humu mna kimea cha ulezi, na mimi nilinyimwa ulezi. Wifi yangu ni shahidi. Mtu mwingine alikitia. Simjui. Nasema nilichokiona."

Pantaleo alipiga makofi.

"Amekiri kwa kinywa chake! Mzee, limekwisha. Mtoto ni wetu. Mektilda, mpeleke ndani."

"Mektilda, kaa hapo," nilisema.

"Unamwamuru dada yangu?"

"Ninamkumbusha kwamba mzee hajasema."

Mektilda, aliyekuwa ameinuka nusu, alibaki hivyo hivyo, hakuketi wala hakusimama. Mzee Telesphori aligonga fimbo chini.

"Mwenye mkono huo asimame. Asiposimama, nitauapisha mji mzima mmoja mmoja, na atakayeapa uongo atajua mwenyewe la kufanya na nafsi yake."

Kisha kati ya wanawake mtu mmoja akaanza kuinuka, akishika goti.

Alikuwa Mama Eufrasia.

"Mkono ni wangu," alisema.

"Mama!" Pantaleo alipaza sauti.

"Nyamaza, nisikike. Sikwenda kigangoni Jumapili ile, nilisema mgongo unaniuma. Nikaingia kibandani nikatia kimea." Alinigeukia mimi. "Usidhani nilikuhurumia wewe uliyeniharibia mtungi. Nilimhurumia Athanas. Walwa, pombe ya matanga ya mwanangu, ilale kama maji ya kuogea, watu waje, waondoke wakicheka? Mwanangu?"

"Ulijua mjane haguswi pombe yake?" mzee aliuliza.

"Nilijua. Nihukumuni."

Mzee Telesphori aliegemea fimbo yake. Wazee wenzake wawili walimwinamia, wakanong'ona, mmoja akatikisa kichwa, mwingine akaitikia. Mimi nilikuwa namtazama Justina mikononi mwa wifi yangu. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hukumu ikiwa mbaya nitamchukua hapo hapo, mchana, mbele ya wote, na wanishike wakiweza.

"Mkono wa pili ni mkono wa mtu baki," mzee alisema hatimaye. "Mkono uliomlea marehemu, uliomlisha uji, si wa pili. Ni kama marehemu mwenyewe ametia kimea. Mimi sina cha kuongeza. Mjane amefunguliwa. Aende na mtoto wake."

Vigelegele vilirudi, na safari hii Mektilda naye alipiga, kwa kuwa ni mtu wa upepo unakovuma. Alimtua Justina, naye akanikimbilia na kunishika sketi. Sikulia. Niliinua macho kumtafuta Pantaleo, maana nilitaka aone kwamba silii.

Alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama mtungi.

"Basi leteni kata," mzee Telesphori alikuwa anasema, akicheka na wenzake. "Shira ya Mzungu na kimea cha Eufrasia! Sijui nitaamka nikiongea lugha gani." Akachota, akainua, akapiga mafunda makubwa.

"Mzee, usinywe!"

Pantaleo alikuwa anakuja mbio, akiruka miguu ya watu waliokaa, uso umempauka kama jivu.

"Tema, mzee! Tema! Iteme yote!"

Mzee Telesphori alishusha kata polepole. Alikuwa amekwisha kumeza.

Nami nilikuwa nimemeza kata nzima kabla yake, mbele ya macho ya shemeji yangu, na hakuniambia niteme.